Mama anataka kuuza shamba la zabibu ili mdogo wangu atibiwe pumu ya ngozi kwa seli shina

Daktari, shikamoo. Pole na majukumu.

Ninakuandikia kutoka Mpunguzi, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, kuhusu mdogo wangu wa kike ambaye sasa ana umri wa miaka 24. Tangu akiwa mtoto wa kunyonya amekuwa akisumbuliwa na pumu ya ngozi. Ilianzia mashavuni, ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kwa miaka mitatu hii imemshika pia shingoni na mikononi. Ngozi ya sehemu hizo imekuwa nene na nyeusi kuliko kwingine, na ikifika miezi ya baridi kavu na upepo wa vumbi hupasuka hadi kutoa damu. Usiku halali, tunamsikia akijikuna, na asubuhi anakwenda kwenye kazi yake ya cherehani akiwa hoi.

Tumehangaika sana. Zahanati walimpa krimu ya haidrokotizoni, akaitumia siku chache kisha akaiacha kwa sababu jirani alimwambia kuwa krimu za aina hiyo huharibu ngozi. Baadaye akawa ananunua duka la dawa krimu nyingine ya mchanganyiko, ambayo humpa nafuu kwa wiki moja, halafu ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi, na sasa shingo imeanza kuwa na mabaka meupe. Ameacha mayai, samaki, nyanya na karanga kwa ushauri wa watu. Anaoga kwa sabuni ya mche na maji ya kisima yenye chumvi, kisha hujipaka mafuta ya mgando kidogo, kopo dogo likamtosha mwezi mzima. Tangu baba alipofariki miaka mitatu iliyopita, mwisho wa wiki hutusaidia shambani kufunga matawi ya mizabibu na kupiga salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu.

Sasa kuna jambo limeingia nyumbani. Mama alipelekwa na rafiki yake kwenye semina mjini, akakutana na wakala wa kliniki moja ya ng'ambo ambaye alimwambia kuwa huko hutoa mafuta kidogo tumboni mwa mgonjwa, hutenga seli shina, kisha humrudishia mgonjwa mwenyewe kwa dripu, na kwamba tiba hiyo hung'oa pumu ya ngozi kwenye mzizi wake kwa siku tano. Gharama pamoja na tiketi na malazi ni shilingi milioni 34. Wakala alisema haiwezi kuwa na madhara kwa sababu ni seli za mwili wake mwenyewe. Wakati tukitafuta fedha, alishauri tuanze na vipakiti vya unga wa seli shina za tufaha, boksi moja kwa shilingi laki tatu na nusu.

Mama ni mjane na riziki yake ni eka mbili za zabibu. Tayari amepata mnunuzi, na wajomba wanamuunga mkono. Kinachomsukuma zaidi ni posa. Upande wa kijana anayetaka kumwoa mdogo wangu waliuliza kama ugonjwa huu utawafikia watoto, na mama anaamini kwamba tiba hiyo itaukatiza ukoo na ugonjwa. Ananisubiri mimi, mtoto wa kwanza wa kiume, nitoe kauli kabla ya mwisho wa mwezi. Sitaki kuwa ndiye niliyemnyima mdogo wangu kupona, wala sitaki kumwona mama hana pa kushika. Je, tiba hii ni ya kweli?

Kaka wa Mpunguzi

Marahaba, mdogo wangu. Poleni nyote kwa mateso ya muda mrefu. Mtu anayejikuna usiku kucha kwa miaka 24 ana ugonjwa mzito, na ninamwelewa mama aliye tayari kutoa kila alicho nacho.

Nianze na jibu, kwa kuwa mnunuzi anasubiri: msiuze shamba kwa ajili ya tiba hii. Nitaeleza sababu kwa urefu, maana mama hatatulizwa na neno la kukataza tu, na ana haki ya kuelezwa.

Seli shina zenyewe si uongo, na hapo ndipo wakala hupata nguvu. Ni seli zenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli nyingine zenye kazi maalumu. Zile zilizomo kwenye uloto, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa, hutengeneza damu yetu maisha yote, na ndiyo maana upandikizaji wa uloto ni tiba halisi ya baadhi ya magonjwa ya damu. Muhimbili walianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu, na hapo hapo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Lakini angalieni tiba hiyo ya kweli inavyofanyika. Mtoto hutafutiwa ndugu ambaye uloto wake unalingana na wake, uloto wa mtoto huuawa kwanza kwa dawa kali, kisha hukaa wiki kadhaa akilindwa dhidi ya kila kimelea hadi uloto mpya uote. Madaktari hukubali hatari hiyo kwa sababu selimundu yenyewe inaua, na kwa sababu kasoro iko hasa katika seli zinazotengeneza damu, kwa hiyo kuzibadilisha seli hizo ni kuondoa chanzo.

Alichoelezwa mama ni kitu kingine kabisa. Seli zinazotolewa kwenye mafuta ya tumbo ni za jamii iitwayo mesenkaima. Zikiingizwa kwa dripu hazigeuki kuwa ngozi mpya. Nyingi hunaswa kwanza kwenye mapafu na hufa ndani ya muda mfupi. Kinachowavutia watafiti ni kwamba, kabla ya kufa, hutoa kemikali zinazoweza kupunguza ukali wa kinga ya mwili, na kwa kuwa katika pumu ya ngozi kinga huwaka kupita kiasi, wazo la kuzijaribu lina mantiki. Kutuliza, hata kukifanikiwa, si kung'oa mzizi. Pumu ya ngozi hutokana na mambo mawili yanayochocheana: ukuta wa ngozi uliolegea, unaopoteza maji na kuruhusu viwasho kupenya, na kinga inayojibu kwa fujo. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee nchini Uingereza walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wamerithi kasoro katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuufunga ukuta huo. Kwa Waafrika kasoro hiyo haionekani mara nyingi kama kwa watu wa Ulaya, na mambo mengine ya kurithi yanahusika. Vyovyote iwavyo, seli zilizotolewa kwenye tumbo la mdogo wako zimebeba urithi ule ule aliozaliwa nao. Kumrudishia seli hizo hakurekebishi alichorithi.

Hapa ndipo ninapotaka umketishe mama na kumweleza polepole, kwa sababu sababu yake kubwa ya kuuza shamba ni posa. Ni kweli kwamba mwelekeo wa kupata pumu ya ngozi, pumu ya kifua na mafua ya mzio hutembea katika ukoo, ingawa watoto wengi wa wazazi wenye ugonjwa huo hawaupati. Lakini mtoto hurithi kupitia yai la mama na mbegu ya baba, na dripu ya seli za mafuta haibadilishi mayai ya mwanamke. Hata kama tiba ile ingemfanya mdogo wako awe na ngozi laini kesho, isingepunguza hata kidogo uwezekano wa watoto wake kuurithi ugonjwa. Shamba lingekuwa limeuzwa kwa ajili ya kitu ambacho tiba hiyo haiwezi kukitoa. Upande wa kijana waelezwe ukweli huo huo kwa heshima, pamoja na hili, kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, kulala pamoja wala kula pamoja.

Utafiti umefanyika, na ni haki mjue ulifikia wapi. Korea Kusini, kampuni iitwayo Kangstem Biotech ilitengeneza tiba ya seli za mesenkaima zitokanazo na damu ya kitovu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 34 waliochomwa sindano moja chini ya ngozi, na wengi waliopewa kiwango kikubwa walipata nafuu ya kutia moyo. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishia lililochomwa sindano isiyo na dawa. Pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe, watu huenda kutafuta tiba ikiwa imefika kileleni, na mgonjwa anayefuatiliwa kwa karibu hujitunza vizuri zaidi, kwa hiyo nafuu huonekana hata bila dawa. Jaribio kubwa lililofuata lilikuwa na kundi hilo la kulinganishia, na mwaka 2019 kampuni yenyewe ilitangaza kuwa halikufikia lengo lake kuu, yaani seli hazikuishinda sindano isiyo na dawa kwa kiasi kilichotakiwa. Utafiti wa seli za aina hii bado unaendelea, na siku moja huenda ukazaa matunda. Ninawaheshimu watu wanaojitolea kwa majaribio hayo. Lakini kumbuka kuwa katika jaribio la aina hiyo mgonjwa hauziwi nafasi kwa mamilioni, hueleza kwa hiari yake kuwa anakubali baada ya kusomewa hatari zote, na huwa kuna kamati ya maadili inayomlinda. Hapa nchini jaribio la dawa kwa binadamu huhitaji idhini ya kimaadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na nchi nyingine zina vyombo vyao vya kazi hiyo. Mwulizeni wakala, kwa maandishi, kliniki yake ina kibali cha chombo gani kutibu pumu ya ngozi hasa, matokeo yake yamechapishwa wapi, na nani atamtibu mgonjwa akipata homa siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani. Akijibu kwa ushuhuda wa watu waliopona na picha za kabla na baada, hajajibu.

Kuhusu kauli kwamba seli za mtu mwenyewe haziwezi kumdhuru, si kweli. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za wanawake watatu huko Florida, Marekani, ambao macho yao yaliharibika vibaya baada ya kuchomwa humo seli zilizotengwa kutoka kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, katika kliniki iliyowatoza fedha. Ugonjwa wao ulikuwa mwingine, lakini hoja waliyopewa ni ile ile. Seli ikishatolewa mwilini, ikasafishwa, ikachanganywa na kemikali na kuingizwa mahali si pake, inaweza kubeba vimelea, kuziba mshipa au kufanya kazi isiyotarajiwa.

Ule unga wa tufaha sitauongelea sana. Seli za mmea zikimezwa husagwa tumboni kama chakula kingine chochote, na hakuna namna zinavyoweza kuwa seli za binadamu. Msinunue hata boksi moja.

Nije kwenye jambo ambalo limenigusa zaidi katika barua yako, nalo ni kwamba mdogo wako bado hajapata tiba ya kawaida kwa ukamilifu wake. Hili silisemi kwa kuwalaumu. Wagonjwa wengi hupewa krimu bila kuelezwa waitumieje, kisha huonekana kama wameshindikana.

Umeandika kuwa shingo na mikono vilianza miaka mitatu iliyopita, na umeandika pia kuwa ni miaka mitatu tangu alipoanza kupiga salfa shambani. Salfa huiwasha ngozi, na vumbi lake hutua hasa shingoni na mikononi. Huenda mdogo wako sasa ana matatizo mawili, pumu ya ngozi ya utotoni na muwasho au mzio uliotokana na kazi ya shamba, labda pamoja na rangi na dawa zilizomo kwenye vitambaa vya kazini. Asipige salfa tena, wala asifunge matawi yaliyopigwa salfa karibuni, na daktari aambiwe habari hiyo waziwazi. Hili ni jambo mnaloweza kulifanya leo bila kutumia senti moja.

Sabuni ya mche ni kali mno kwa ngozi ya aina hii, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya nguo na huondoa mafuta ya asili yaliyobaki, na maji yenye chumvi huongeza ukavu. Aoge mara moja kwa siku, kwa muda mfupi, maji yasiwe ya moto, sabuni laini isiyo na manukato itumike kwapani na sehemu za siri tu, na kama mnakinga maji ya mvua, yatunzieni kazi hiyo. Akitoka kuoga ajikaushe kwa kugusisha taulo na, ngozi ikiwa bado na unyevu, ajipake mafuta ya mgando. Hapa kiasi ndicho tiba: mtu mzima mwenye pumu ya ngozi iliyoenea huhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kopo dogo la mwezi mzima halijamtibu hata mkono mmoja. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni rahisi kupatikana na yanafanya kazi.

Kisha krimu. Woga wa jirani una chanzo cha kweli, kwa sababu krimu kali za jamii ya steroidi, jamii ya haidrokotizoni, zikipakwa ovyo kwa miezi hukondesha ngozi na kuifanya kuwa na mabaka meupe, na ninadhani ndicho kilichotokea shingoni. Krimu nyingi za mchanganyiko zinazouzwa madukani zina steroidi yenye nguvu pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria ambazo mgonjwa hazihitaji. Aiache, lakini asiiache bila mbadala na bila kumwona daktari, maana ngozi iliyoizoea inaweza kulipuka. Steroidi inayofaa, kwa nguvu inayolingana na mahali, hupakwa mara moja au mbili kwa siku hadi ngozi itulie kabisa, si siku tatu tu. Kipimo ni rahisi: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Ngozi ikishatulia, daktari anaweza kushauri kupaka siku mbili tu kwa wiki kwenye sehemu zinazorudia, na shingoni na usoni kuna dawa isiyo ya steroidi iitwayo takrolimasi. Katika ngozi nyeusi kama yetu uvimbe hauonekani kuwa mwekundu, huonekana kijivu au mweusi zaidi na wenye vipele vidogo, kwa hiyo asipime nafuu kwa rangi. Weusi hubaki kwa miezi baada ya ugonjwa kutulia, na huo hauondolewi kwa mkorogo.

Chakula alichokiacha akirudie chini ya uangalizi wa daktari, isipokuwa kile kilichomvimbisha midomo au kumbana pumzi muda mfupi baada ya kukila. Kwa mtu mzima, kuacha vyakula vingi kwa kubahatisha humdhoofisha bila kuigusa ngozi.

Haya yote yakifanyika vizuri kwa miezi miwili au mitatu na bado hali ikawa mbaya, yapo matibabu ya ngazi ya juu yaliyothibitishwa. Methotreksati, dawa ya miaka mingi, humezwa mara moja kwa wiki chini ya uangalizi wa vipimo vya damu na ini. Kwa kuwa mdogo wako anakaribia kuolewa, lazima ajue kuwa dawa hiyo haitumiki kabisa kwa mwanamke mjamzito au anayetaka kushika mimba. Siklosporini hutuliza haraka, ila figo na shinikizo la damu hufuatiliwa. Kuna pia tiba ya mwanga. Tangu mwaka 2017 kuna sindano iitwayo dupilumabu, inayozuia ujumbe wa kinga unaochochea ugonjwa huu, nayo ilishinda katika majaribio makubwa yenye makundi ya kulinganishia. Bei yake bado ni kubwa mno kwa familia nyingi za kwetu, na hilo linaniuma, lakini mtu akitaka kujua maana ya tiba iliyothibitika, mfano wake ni huo.

Ombeni rufaa ya kumwona daktari bingwa wa ngozi mkianzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Ikilazimu, katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimewafundisha wataalamu wengi wa ngozi wa nchi hii na za jirani. Nauli ya kwenda Moshi na kurudi, hata mara kadhaa, hailingani na bei ya shamba. Msisubiri rufaa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, ikiwa vitatokea ghafla vipele vingi vya maji vya umbo moja, vyenye maumivu, pamoja na homa, kwa kuwa virusi vya malengelenge vinaweza kuenea kwa hatari juu ya ngozi yenye pumu.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Katika barua yako nimesikia mama, wajomba, wakala, jirani na upande wa kijana, lakini mdogo wako mwenyewe sijamsikia. Ana miaka 24 na mwili ni wake. Kabla hujatoa kauli mbele ya mama na wajomba, kaa naye peke yenu umuulize anataka nini, ikiwa ni pamoja na kama anataka shamba la mama liuzwe kwa jina lake. Mnunuzi aambiwe kwamba familia haiuzi mwaka huu. Siku ya kliniki, akusanye kwenye mfuko mmoja krimu, sabuni na mafuta yote anayoyatumia, pamoja na paketi ya salfa, aingie navyo kwa daktari na aeleze mwenyewe. Wewe na mama msubirini nje hadi atakapowaita.